Miguu ya Asubuhi, Miguu ya Jioni

Katika karakana ile ya kushona sare za shule, kila mtu alikaa isipokuwa Bi Mkasi. Washonaji kumi na wanne walikuwa na viti vyao mbele ya cherehani. Msimamizi alikuwa na kiti cha magurudumu. Hata paka wa stoo alikuwa na kitanda chake cha mabaki ya vitambaa. Lakini meza ya kukatia ilikuwa ndefu, imeinuka hadi kiunoni, na kitambaa kililazwa juu yake tabaka ishirini kwa mpigo. Hukati tabaka ishirini ukiwa umekaa kama bibi harusi. Kwa hiyo Bi Mkasi alisimama, miaka kumi na tisa, mkasi mkononi na chaki sikioni.

Ugomvi wake wa kwanza ulikuwa na soksi. Kila jioni akizivua alikuta zimemwachia pete kuzunguka vifundo vya miguu, alama iliyoingia ndani ya nyama kabisa.

"Siku hizi wanashona soksi za watoto, wanaziuza kwa watu wazima," alilalamika.

Akanunua pana zaidi. Pete ikabaki pale pale. Akahamia kwenye viatu, navyo akavibadili mara mbili. Kisha akailaumu sakafu ya saruji, akatandika gunia chini ya meza. Miguu ilizidi kuwa mizito. Saa kumi ilipofika alijiona kama mtu aliyekanyaga tope na tope likakataa kumwachia. Ngozi karibu na kifundo ikaanza kumwasha, akawalaani mbu. Msuli wa mguu ukaanza kumkaza akiwa usingizini, akalilaani godoro.

Nyumbani alikuwa na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye jibu la kila kitu, hata la maswali ambayo hayajaulizwa.

"Wifi, huo ni unene tu. Punguza kula."

"Mimi nakula kuliko wewe?"

"Sijasema hivyo. Nimesema punguza."

Jioni moja Bi Mkasi alikuwa bafuni, ameegemeza mguu kwenye ukingo wa beseni ili asugue kisigino. Akageuka, akaona nyuma ya goti nyuzinyuzi za buluu na zambarau zimetawanyika kama wino uliovuja. Wiki ile walikuwa wanakata sketi za buluu, na kitambaa kile kilikuwa kinatoa rangi. Akachukua sabuni, akasugua. Akachukua dodoki, akasugua tena, hadi ngozi ikawa nyekundu. Nyuzi hazikutoka. Chini yake kidogo, alipopitisha kidole, akagusa mshipa ulioinuka kama kamba iliyoshonewa ndani ya pindo.

Hapo akaacha kusugua. Akajilaza kwenye kochi, miguu juu ya mkono wa kochi, akimsubiri mumewe. Mumewe alikuwa fundi wa kufuli, mtu wa kuchungulia vitundu vidogo, na aliamini jicho lake kuliko neno la mtu. Alifika baada ya saa nzima, akavaa miwani, akapiga goti.

"Mama watoto, mbona mguu mzuri tu?"

"Tazama vizuri! Kuna kamba hapo."

Alitazama, akabonyeza, akatazama tena. Kamba ilikuwa imelala. Hata uvimbe wa kifundo ulikuwa umepungua. Wifi alichungulia kutoka jikoni.

"Alitaka kusifiwa miguu, kaka. Msifu, tule."

Bi Mkasi alimeza hasira. Asubuhi alipoamka miguu ilikuwa myembamba, myepesi, haina neno. Jioni ikavimba. Asubuhi ikanywea. Akaona kama vile miguu yake mwenyewe inamfanyia njama, inamtesa faraghani na mbele za watu inajifanya haina hatia.

Akaomba ruhusa ya asubuhi, akaenda zahanati. Alipanga foleni akiwa amekaa kwenye benchi saa mbili nzima. Daktari kijana akamlaza kitandani, akambonyeza hapa na pale, akasema kwa upole, "Mama, sioni tatizo. Ni uchovu. Pumzika, punguza mawazo."

Akapewa vidonge vya maumivu. Mawazo yenyewe yalikuwa miguu ile, sasa angeyapunguzaje?

Baada ya wiki tatu maji yalimfika shingoni. Ilikuwa saa tisa alasiri, amesimama tangu alfajiri, na mguu wa kushoto unamuuma kama unaokandwa na mtu mwenye chuki. Akaenda kwa msimamizi kuomba atoke mapema.

"Bi Mkasi, miguu inatuuma sote hapa," msimamizi alisema, akijizungusha kidogo kwenye kiti chake.

 Bi Mkasi alipandisha sketi hadi gotini, akageuka, akamwonyesha nyuma ya mguu.

"Haya, nionyeshe na wewe wako."

Washonaji waliangua kicheko, cherehani zikanyamaza. Msimamizi akafunika macho kwa daftari. "Nenda, mama, nenda! Kakate kesho!"

Safari hii, kule zahanati, alimkuta tabibu mwanamke, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Bi Mkasi, akikumbuka safari ya kwanza, akaanza kupanda kitandani.

"Shuka," tabibu akasema. "Nani alikuambia mishipa inaonekana umelala? Simama hapo, mgongo kwangu."

Alisimama. Tabibu akainama, akapitisha mkono taratibu kwenye shavu la mguu. Akauliza kazi yake, akauliza idadi ya watoto, akauliza kama jioni miguu huwa mizito, kama inawasha, kama inakaza usiku. Kwa kila dalili Bi Mkasi alisema ndiyo, na kila ndiyo ilimtoka na hasira zaidi, maana kumbe palikuwa na mtu anayejua maswali na yeye alikuwa amepoteza mwaka akigombana na soksi!

"Ndani ya mshipa kuna milango midogo," tabibu alieleza. "Inaruhusu damu kupanda kurudi moyoni, inaizuia isishuke. Ikilegea, damu inatuama chini, mshipa unavimba. Ukilala damu inarudi, ndiyo maana asubuhi huoni kitu. Mishipa hii hurithiwa. Mama yako alikuwa nayo?"

 Bi Mkasi alimkumbuka mama yake, aliyevaa sketi ndefu za kufagia vumbi hata jua likiwaka, na hakuna mtoto aliyewahi kuona miguu yake. Walidhani ni maringo.

"Nadhani alikuwa nayo," alisema, sauti imeshuka.

Tabibu alimwambia ukweli: nyuzi zile hazitafutika kwa kusugua wala kwa mafuta, ila amewahi, na zinaweza kuzuiwa zisizidi. Asisimame palepale kama nguzo. Atembee, ainue visigino na kuvishusha, akifika nyumbani aweke miguu juu kuliko kifua. Akampima mguu kwa futi ya utepe, akamwandikia soksi maalumu za kubana. Na akiona mguu mmoja umevimba ghafla, una joto na maumivu, au kidonda, asingoje foleni ya mtu.

"Soksi tena?" Bi Mkasi alishika tama.

Kuzivaa ilikuwa vita. Kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani alivuta, mumewe akavuta, wakasemana, wakaanza upya. Karakanani alianza kupeleka mafungu ya vitambaa mwenyewe kwa washonaji, badala ya kungoja wayafuate, ili atembee. Msimamizi, ambaye tangu siku ile hakumtazama usoni, alileta kiti kirefu, akakiacha kando ya meza.

Miezi mitatu ikapita. Nyuzi ziko palepale. Lakini kifundo hakivimbi kama zamani, na anafika nyumbani akiwa na nguvu ya kubishana.

Juzi alimsikia wifi yake akimweleza jirani mlangoni, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba ugonjwa ule yeye ndiye aliyeugundua, na mapema sana. Bi Mkasi alifungua kinywa. Kisha akakifunga, akainua miguu juu ya mito miwili, akamwacha aseme.