Barua za Baba kutoka Rwamgasa

Usiku kucha nilijiuliza: mama atanisamehe akijua kwamba kwa miaka saba sikumsomea barua za baba kama zilivyoandikwa?

Wazazi wetu pale Mhunze walilima pamba, wakajenga, wakatusomesha, lakini wengi hawakujua kusoma. Sisi tuliokwenda shule ndio tuliokuwa macho yao. Baba alikuwa Rwamgasa akichimba dhahabu. Barua zake zilikuja kwa Kiswahili, nami nilizigeuza Kisukuma huku mama akichambua pamba, safi huku, fifi yenye madoa kule. Nilikuwa kidato cha pili nilipofika mahali alipoandika: nimeoa huku, msiningoje. Mama alikuwa ameacha kuchambua, ananitazama mdomo.

"Anasema mvua imejaza mashimo," nikasema. "Atakuja baada ya mavuno."

Wajomba walipomtaka arudi kwao, akawakatalia. "Mwenye nyumba anakuja baada ya mavuno," aliwaambia. Maneno hayo niliyatunga mimi. Barua zilizofuata nikaendelea kutunga, kwa kuwa sikujua pa kuishia.

Kisha ikaja elimu ya watu wazima, mama akajiandikisha kujifunza Kiswahili na kusoma. Nilipomaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani, nilimkuta mama jikoni na kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Kaa hapo, msomi, leo nakusomea mimi." Akasoma polepole, kidole kikitambaa chini ya herufi. "Mbona hunikosoi? Au huko chuo hamkufundishwa kusoma?"

Akacheka sana. Halafu akasema, "Jumapili natoa barua za baba yako. Nianze na ya kwanza."

Tangu hapo sikupata usingizi. Nikizichoma, ataniuliza ziko wapi. Nikinyamaza, ataipata habari ile peke yake, silabi moja moja, ni-me-o-a. Huenda alishasikia kisimani akanyamaza. Lakini kama alijua, kwa nini aliwakatalia kaka zake? Nilizunguka humo siku tatu bila kupata pa kutokea. Hata ningesema nini, miaka ile saba singeweza kumrudishia.

Jumapili asubuhi nilimtangulia sandukuni alikoweka barua. Nikaitafuta barua ile, nikakaa mkekani karibu naye.

"Mayu, hii sikukusomea yote."

Nikaanza juu kabisa, kwenye salamu, nikasoma kwa Kiswahili kilekile cha baba, neno kwa neno.