Mpini Ulioniumbua Hail

Nikikusimulieni haya msinicheke sana, maana mpaka leo nikifika Hail kwa mama mkwe wangu, Bi Thuwaiba, natamani nijifunike uso kwa kilemba. Ijumaa moja tumekaa na ukoo mzima, masinia ya biriani mbele yetu, akaja na jambia la Kiindonesia, lile lenye ubapa wa kujipindapinda, alilorithi kwa bibi yake mzaa baba. Bibi huyo aliletwa Unguja bado mwari, akafa bila ya kumwambia mtu kwao ni mji gani.

"Miaka yote hii nnamuombea na sijui alikozaliwa," akasema. "Nataka nikapaone kabla sijafa."

Sasa mimi (na kimbelembele changu) si nimekulia dukani kwa baba yangu, sokoni Matrah, tunauza khanjari, yale majambia ya Kiarabu, na khanjari ukitazama mpini tu unajua ni ya mji wa Sur au wa Nizwa, basi nikaona majambia yote mamoja, nikautazama ule mpini uliokunjika, nikahukumu kama kadhi: "Mama, bibi yako Mbugisi, mtu wa kisiwa cha Sulawesi, sina shaka." Bi Thuwaiba akalia kwa furaha, mke wangu akaanza kutafuta ndege kwenye simu, na mimi badala ya kunyamaza nikala, nikasema ngojeni niwaonyeshe vizuri, nikauzungusha mpini, ukachomoka, jambia likaangukia kwenye biriani.

Nikajua nimevunja urithi wa watu. Ndani ya mpini kumbe mlikuwa na kitambaa cha rangi ya waridi, kimesokotwa ili ukaze. Bi Thuwaiba akakivuta, akakinyoosha juu ya goti.

"Gauni langu la Idi hili," akasema polepole. "Mama aliniambia limeibiwa kambani lilipoanikwa. Na siku zile zile baba alikaa barazani anachonga kigogo, mie nikadhani ananichongea mwiko."

Yaani Sulawesi yangu ilichongwa Unguja, na baba yake mwenyewe. Mashemeji walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye akacheka nao, akakibusu kile kitambaa, halafu machozi yakamlengalenga. Nikamwomba radhi.

"Si kitu, mwanangu," akasema. "Ila nilishajihesabu nimepata pa kwenda."

Tangu siku hiyo nimeapa simtajii mtu kwao bila ya hakika. Nilidhani nimeshika chuma tu, kumbe nimeshika bibi wa mtu.