Mrushaji wa Mwisho

Tangu udongo wa shimo la mgodi uporomoke na kumvunja nyonga kule Kambove, Gauthier alikuwa amelala miezi minne nyumbani kwa Edith, dada yake mkubwa aliyemwita yaya, mtaani Katuba. Kitu pekee kilichomtii kilikuwa simu, na ndani yake mchezo wa besiboli, ambao hakuwahi kuuona uwanjani. Humo yeye ndiye kocha.

Mchana huo timu yake iliongoza kwa pointi moja. Mrushaji wa mpira aliyeanza mechi alikuwa ameishiwa nguvu, na wale wa akiba walikuwa wametumika siku tatu mfululizo. Alibaki Ortega tu, naye mstari wake wa nguvu ulikuwa mwekundu. Mchezo haukuruhusu kusubiri. Lazima mtu arushe.

Edith aliingia na beseni la maji ya kumwogesha, akaliweka chini, akajishika kiuno. Alitazama simu.

"Huyu amechoka. Umupumuzishe."

"Sina na mwengine, yaya."

"Basi acha bashindwe."

Gauthier hakukubali, akamwingiza Ortega. Mpira wa kwanza ulikwenda pembeni, wa pili vilevile. Wa tatu ulipigwa mbali, wapinzani wawili wakakimbia hadi mwisho na kupata pointi mbili, na mechi ikapotea. Chini ya jina la Ortega pakaandikwa: bega limeumia, siku sitini.

Edith alikuwa ameshaanza kumgeuza ubavu, peke yake kama kila siku, akihema. Gauthier alishika ukingo wa kitanda, akajivuta kwa nguvu zake zote. Hakusogea.

"Acha," Edith alisema taratibu. "Ulale tu."