Alama ya Mwezi Kwenye Dinari

Mimi kwa hasira sijambo, sikatai, lakini siku ile hata mpole wa kupindukia angefoka.

Kaka yangu ni fundi saa. Maisha yake yote amekaa nyuma ya kimeza cha dirishani, lenzi imemganda jichoni, anachokoa vyuma vidogo ambavyo ukipiga chafya vimepotea. Watu walimwita Mkono wa Birika, kwa kuwa viatu alivivaa mpaka soli zikaachama. Hawakujua anajinyima kwa ajili ya nini. Mimi nilijua, na nilimsema kila siku ya Mungu: dinari za Kirumi. Visarafu vya fedha vya miaka elfu mbili, vidogo kama vifungo vya koti, anaviagiza kwa posta kutoka kwa wakusanyaji wenzake. Alivichongea trei ya mbao, kila kimoja na kishimo chake, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuvipangusa. Ule weusi uliovikaa, alisema, ndio ngozi yao.

Kisha presha ya macho ikamvaa. Saa zikaondoka mezani moja moja, lenzi ikaingia kwenye droo, na mwaka jana akaacha hata kuuliza kama taa imewashwa. Kikabaki kitu kimoja, ile trei. Kila asubuhi, akishamaliza chai, aliiweka mapajani na kupitisha kidole gumba juu ya nyuso zilizochorwa kwenye dinari. "Huyu ana pua ya kiburi," ananiambia. "Huyu shingo imenona." Kipenzi chake kilikuwa cha mwanamke mwenye nywele zilizofungwa kisogoni. Usoni mwake kulikuwa na kialama cha mwezi mchanga, kilichogongwa na mbadilisha fedha wa enzi hizo alipokuwa akihakikisha kuwa ni fedha tupu. Kaka akikigusa hicho, anatabasamu peke yake. Nami, niliyekuwa nikivilaani vile vitu, nikawa namsogezea trei kabla hajaomba.

Basi siku nilipompeleka kliniki, mwanawe alibaki nyumbani. Tunamwita Bosi kwa sababu ya kupenda kuamrisha. Roho yake nzuri, ila mambo yake ni pupa. Tuliporudi alitupokea mlangoni, meno yote nje. "Baba, nina zawadi yako." Trei ilikuwa mezani, inameremeta kama vijiko vipya. Alizipeleka dinari zote kwa sonara, zikasuguliwa kwa mashine.

Kaka akaketi, akapitisha kidole. Akarudia. Akahamia kishimo cha pili, cha tatu, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi katika nyumba ngeni. Pua hakuna, nywele hakuna. Nyuso zote zilikuwa zimelambwa.

Nikamtolea uvivu yule kijana. "Hao ndio watu pekee baba yako aliobaki anawaona, nawe umemfutia wote. Nani alikutuma?"

"Shangazi, zilikuwa nyeusi tii. Nilitaka awe na vitu vizuri vya kutazama."

"Avitazame kwa macho gani?"

Hapo ndipo alipoelewa. Alishika kiti.

"Dada, muache mtoto," kaka akasema. Akageuza uso kule alikodhani mwanawe amesimama, akakosea kidogo. "Zinang'aa?"

"Zinang'aa, Baba."

"Asante, mwanangu. Umenijali."

Hiyo asante ndiyo iliyonimaliza. Nilimkasirikia yeye kuliko hata mwanawe. Bosi alipotoka tu, nikamvaa. "Wewe huna nyongo? Mtu akukanyage, nawe umshukuru? Basi nitakasirika mimi kwa niaba yako, maana wewe hujui."

"Nipe mkono," akasema.

Nikampa kwa shari. Akaukunjua, akaanza kuchora kiganjani kwa ukucha: paji la uso, pua, mdomo uliobanwa, fundo la nywele kisogoni. Alichora haraka, kama anayeandika jina lake. Halafu akasita. Ukucha ukazunguka, ukaenda huku, ukarudi kule. Kwa mara ya kwanza tangu turudi nikaona hofu usoni mwake.

"Ile alama ya mwezi," akauliza, "ilikuwa karibu na sikio, au karibu na mdomo? Wewe ulikuwa unaiona kila siku."

Miaka yote ile nilikuwa nazilaani tu dinari zile. Alama yenyewe sikuwahi kuitazama hata mara moja.

"Sikio," nikamjibu kwa ukali, nikamshika kidole na kukibonyeza hapo.