Sindano Moja Iliyohesabiwa Tatu

Nilirudi Malaba kutoka Doha na diploma ya kompyuta niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha magari. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Zahanati moja ya kibinafsi karibu na mpaka ilitaka kuachana na madaftari, nami nikawaundia programu ya simu kwa wiki tatu, peke yangu. Muuguzi akidunga sindano anabonyeza "Imetolewa", na hesabu ya dozi inapanda kwa moja.

Chuoni tulifundishwa kwamba kuna kazi ambazo ukishazifanya mara moja, kuzirudia hakubadilishi kitu. Ondoa alama ya hasi kwenye hasi tano, unapata tano. Ondoa tena, ni tano ile ile. Amri inayopita kwenye mtandao mbovu inapaswa kuwa hivyo. Katika mtihani wa somo hilo niliwashinda wote. Kuongeza moja si kazi ya namna hiyo, nilijua vizuri, lakini nilitaka waanze kuitumia haraka. Nikasema nitairekebisha baadaye.

Huku kwetu simu hurukia mtandao wa Uganda ukiwa umesimama palepale. Asubuhi moja aliletwa mama kutoka Khunyangu, malaria kali, sindano tatu zikiachana kwa saa kumi na mbili. Nilikuwepo. Muuguzi alimdunga ya kwanza, akabonyeza, skrini ikaganda.

"Boss, simu yako imevuka mpaka bila pasipoti!"

"Bonyeza tena, dada."

Akabonyeza tena. Halafu mara ya tatu.

Muuguzi wa jioni alisoma kwenye programu kwamba sindano tatu zimetolewa, mgonjwa amemaliza dozi. Akamnyoosha shuka, akaenda kwa wengine. Kulipokucha mama yule alikuwa anatetemeka mwili mzima na hamtambui mumewe. Hakufika saa sita mchana.

Nilikaa kwenye benchi la zahanati nikairekebisha. Kila sindano nikaipa namba yake, uibonyeze mara mia ibaki moja. Kazi ya dakika arobaini, na tangu hapo haijakosea hata mara moja.

Mumewe alikuwa akingoja gari la kubeba mwili. Akaja akasimama mbele yangu.

"Ni wewe mwenye hiyo mashine?"

"Ni mimi, mzee."

"Nilikaa kando ya kitanda tangu asubuhi mpaka jioni. Niliona sindano moja. Mbona hakuna mtu aliniuliza?"

Kwenye programu yangu hakuna mahali nilipokuwa nimeweka swali hilo.