Bisibisi Sikioni

Fundi wetu wa gari hupima injini kwa bisibisi ndefu: ncha anaigusisha kwenye chuma, mpini anaubana sikioni, macho anayafumba. Akiyafumbua, anamgeukia mwenye gari kwa ukali. "Mlio huu umeanza lini?" Ukijibu mwezi uliopita, umekwisha. "Mwezi mzima! Ukawa unaongeza sauti ya redio, siyo? Gari linakulilia, wewe unaimba!" Mimi mwenyewe nimeshagombezwa hivyo mara mbili.

Jana injini ya gari langu ilikuwa ikinguruma, boneti juu, mke wa fundi alipomletea mumewe chakula cha mchana. Aliweka bakuli juu ya tairi kuukuu, akashika ukuta, akakohoa. Kikohozi kilitoka ndani kabisa, kikachelewa kwisha. Leso aliyojifutia mdomo aliikunja upesi. "Baba watoto," alisema, "zima kwanza, nina neno." Fundi hakugeuka. Alinyoosha mkono, akavuta waya wa mafuta, injini ikapiga kelele hadi mabati ya karakana yakatetemeka. "Ngoja, nasikiliza!" alifoka, macho kayafumba, mpini sikioni, jasho likimtiririka. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Ncha ya bisibisi ilikuwa hewani, haijagusa kitu.