Sauti ya Baba Kwenye Mnada wa Kanisa

Kwa muda mrefu baba aliamini kwamba mama ameanza kuwa kiziwi. Alisema jambo mezani, mama akauliza "Unasemaje?", akarudia, mama akauliza tena, na baba akaweka kijiko chini taratibu, kama mtu anayeonewa katika nyumba yake. Alinipigia simu kunieleza tatizo hilo kwa sauti ya mtu anayeripoti paa linalovuja: mama yako masikio yamekwisha, njoo umpeleke hospitali. Nami sikumsikia vizuri, nikalaumu mtandao. Kwetu milimani, upande wa Chome, mtandao hulaumiwa kwa mengi na kwa kawaida hustahili.

Nina shahada ya isimu. Nilisoma fonetiki nikafaulu, na hadi leo naweza kukuchorea kinywa cha binadamu na kukuonyesha ulimi unakaa wapi mtu akitamka *k*. Pamoja na elimu yote hiyo, nilisafiri mpaka nyumbani, nikamchukua mama, nikamshusha Same mjini kupimwa masikio.

Mpimaji alikuwa dada mchangamfu. Alimvika mama hedifoni, akampa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia mlio. Mama alibonyeza mpaka dada wa watu akacheka.

"Mama huyu anasikia kuliko mimi. Nani alisema hasikii?"

"Mume wangu," mama akajibu.

"Naye anaongeaje?"

Mama alifikiri kidogo. "Siku hizi anaongea kama mtu anayesali peke yake."

Tulirudi mlimani bila dawa wala cheti, na safari iliyofuata abiria alikuwa baba. Daktari wa mishipa ya fahamu, huko Moshi, alimtazama akitembea, akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, kisha akampa karatasi aandike sentensi yoyote. Baba aliandika mstari wa zaburi, herufi zikapungua ukubwa kadiri zilivyosogea kulia, hadi neno la mwisho likawa kama sisimizi. Ni ugonjwa wa Pakinsoni, daktari akasema. Seli za ubongo zinazosaidia mwili kwenda zinakufa kidogokidogo, na sauti nayo ni mwendo: wa kifua, wa koo, wa midomo. Mgonjwa anaongea chini huku akili yake ikimwambia anaongea kama zamani, kwa hiyo baba hakuwa anamsingizia mama. Kwa jinsi alivyojisikia yeye, aliongea vizuri kabisa, na dunia nzima ilikuwa imeziba masikio.

Vidonge alivikubali. Mkono uliokuwa ukitetemeka aliuficha mfukoni, na majirani walipouliza alisema ni baridi, jibu ambalo kwetu halihojiwi. Ila habari ya sauti aliikataa. "Mkono nauona," alisema. "Sauti ipo."

Lazima nieleze kwa nini sauti ilikuwa jambo kubwa. Katika usharika wetu, kama katika sharika nyingi za Walutheri, si kila mtu hutoa sadaka ya fedha. Mwingine huleta mayai, mwingine mkungu wa ndizi, maharage, jogoo, tangawizi kutoka kwa shemeji yake wa Mamba. Ibada ikiisha tunatoka nje, vitu hivyo vinanadiwa, na fedha ndiyo inayoingia kanisani. Mnadi lazima asikike mpaka kwa watu waliokwishaanza kuondoka, maana hao ndio wenye pesa. Kazi hiyo ilikuwa ya baba tangu mimi nikiwa sekondari. Hakuwahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote, hakuimba kwaya, shambani alikuwa mkulima wa kawaida. Lakini alijua kuuza yai moja mara nyingi kuliko kuku anavyotaga kwa wiki: huyu ananunua na kumzawadia mchungaji, mchungaji analirudisha, linanadiwa upya, na baba anawatania wanunuzi kwa ukoo mpaka mtu anaongeza bei kulinda heshima ya mjomba wake.

Basi mchungaji akanipigia simu. Yeye ni kijana, mpole, na alizunguka sana kabla ya kufika kwenye hoja. Sikukuu ya Mavuno inakaribia, alisema. Wazee wa kanisa wamekaa. Miezi ya karibuni watu wa nyuma hawasikii bei, wanaondoka. Walijaribu kumpa mzee kipaza sauti, akakishika kifuani kwa mkono unaotetemeka, kikatoa mguno na mgongano wa vifungo vya koti. "Tunaona wewe ndiye unayeweza kuongea naye," akasema. "Wewe ni mwanawe, tena ni msomi wa mambo ya lugha."

Nilisema nimeelewa. Sikusema nitafanya nini.

Njia niliyoipata ilikuwa ya woga, ingawa wakati ule niliiona ya kisayansi. Rafiki yangu wa chuo, aliyebaki kwenye fonetiki wakati mimi nilipokimbilia kuandika makala, siku hizi hupima sauti za watu wenye magonjwa ya ubongo. Anarekodi, kisha kompyuta inahesabu mawimbi ya sauti yanavyotikisika, pumzi inayovuja kooni, na umbali ambao sauti hupanda na kushuka katika sentensi. Alikuwa akilia siku zote kwamba mashine yake imelishwa sauti za Ulaya na Marekani, Kiswahili kidogo sana, lugha za nyumbani hakuna kabisa. Nikamwambia ninaye mzee anayeongea Chasu, Kipare chetu cha kusini, na Kiswahili cha kanisani. Alifurahi kuliko inavyofaa kufurahia mgonjwa. Akanitumia programu ya simu na maelekezo: chumba kimya, vitu laini ukutani vya kuzuia mwangwi.

Nyumba yetu ni ya bati na ina majogoo. Nilisimamisha godoro ukutani, nikatundika blanketi mlangoni, nikamkalisha baba kitandani.

"Mnanirekodi au mnanizika?" akauliza.

"Vuta pumzi, baba. Sema aaa, uiendeleze mpaka pumzi iishe."

"Aaa ya nini?"

"Ya kawaida tu."

"Ya kawaida haipo. Kuna ya kushangaa na kuna ya kukataa."

"Sema ya kukataa," mama akadakia kutoka nje ya blanketi. "Hiyo umeizoea."

Akasema aaa. Ilianza vizuri, ikapungua, ikaanza kutikisika kama taa inayoishiwa mafuta, ikazimika nikiwa bado nasubiri. Baada ya hapo ilikuwa *pa-ta-ka, pa-ta-ka* kwa kasi, na hiyo ikaenda kama pikipiki asubuhi ya baridi: inashika, inakwama, inashika. Nilimweleza kwamba tunatafuta pia kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. "Kidatu si kule kwenye bwawa la umeme?" akasema, na nikaona shahada yangu ikipungua thamani mbele ya macho yangu.

Kisha akasoma kifungu cha Kiswahili kuhusu kituo cha treni, na akaeleza kwa Chasu jinsi siku yake ya jana ilivyokwenda. Hapo ndipo mwanafunzi wa zamani ndani yangu alipoamka. Katika Chasu sauti haipandi na kushuka kwa mapambo tu. Inabeba sehemu ya maana. Kiswahili cha baba kilikuwa kimepauka. Chasu yake ilikuwa imelala chini, tambarare kama mbuga inayoonekana kutoka kwetu kuelekea Mkomazi. Mama alikuwa ameolewa kwa lugha hiyo, na nadhani ndiyo maana alianza kuuliza "Unasemaje?" kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwishoni maelekezo yalisema mgonjwa aseme jambo lolote alilozoea kulisema. Nikampa mto wa kitandani. "Nadi huu."

Baba aliuangalia mto, akaangalia simu. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na mstari uliopanda kila alipoongea. Akaanza kuunadi, na mstari ukaruka juu kuliko wakati wowote. Alisifu manyoya yake, akadai ulilaliwa na wachungaji watatu na wote wakaota mbingu, akamtaka mama aongeze bei kwa ajili ya ukoo wake wa Mhezi. Baada ya sentensi chache mstari ukaanza kushuka. Aliuona, akausukuma tena juu kwa nguvu, mishipa ya shingo ikamtoka. Ukashuka tena.

Nikamsikilizisha rekodi, tangu mwanzo.

"Huyu mzee ni nani?"

Alisikiliza kifungu cha treni chote, akaomba nirudie. Nilirudia.

"Ndivyo mnavyonisikia?"

"Ndivyo, baba."

"Na mlikaa kimya."

Blanketi likasogea, mama akaingiza kichwa. "Hatukukaa kimya. Ulinituma nikapimwe masikio."

Hakucheka. Alikaa na mto mapajani, na mimi nikajua kwamba sasa ndiyo nafasi yangu, kwa kuwa simu ilikuwa imekwishasema sehemu ngumu. Nikakohoa. "Baba, mchungaji alinipigia."

"Najua. Alinieleza atakupigia. Nikamwambia hutasema."

Nilianza kukunja waya wa chaji ambao haukuhitaji kukunjwa.

"Nipeni mavuno haya," akasema. "Nikiona sisikiki, naacha mwenyewe. Sitaki kuachishwa."

"Utaonaje," nikauliza, "na wewe mwenyewe hujisikii?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na alilichukua hivyo. Mstari wa kwenye simu ulimsaidia kitandani, lakini mnadi hawezi kunadi jogoo akiangalia simu. Mwishowe alimgeukia mama. "Wewe utasimama nyuma kabisa, pale kwenye ukuta wa ofisi. Usiponisikia, inua mkono."

"Mimi kiziwi nitajuaje?"

"Inua mkono," baba akasema, na safari hiyo sote tulimsikia.

Nilimpelekea rafiki yangu rekodi. Majibu yake hayakuwa na faraja ya bure. Mashine iliona mtikisiko na pumzi inayovuja. Kuhusu Chasu ilikiri haijui kitu. Alisema wagonjwa wengi hupandisha sauti wakipata kitu cha nje kinachowakumbusha, na mazoezi husaidia. Alisema pia kwamba ugonjwa haurudi nyuma, na akaomba nirekodi tena baada ya miezi kadhaa ili aone kasi. Nilimweleza baba yote. "Basi ananipima kama mvua," akasema. "Hazuii, ananipima tu."

Jumapili ya Mavuno uwanja ulijaa. Kulikuwa na magunia ya maharage, mikungu, magimbi, maparachichi, na jogoo mmoja mwekundu mwenye hasira. Baba alivaa koti lake na mkono akauweka mfukoni. Wazee wa kanisa walisimama pamoja, na kando yao mama mmoja wa kwaya, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe bondeni, aliyeambiwa akae tayari kumpokea kazi. Baba alimwona. Kila mtu alimwona.

Alianza na mayai, akaenda vizuri. Akaingia kwenye jogoo. Bei ikapanda mara mbili, sauti ikaanza kuzama, na kule nyuma kwenye ukuta wa ofisi mama akainua mkono.

"Yule mama kaongeza!" mtu akapiga kelele.

Baba alimwangalia, akapandisha sauti, akataja bei tena. Pumzi ilimwishia katikati. Mama akainua mkono tena, juu zaidi.

"Kaongeza tena! Anajipandishia mwenyewe!"

Uwanja ukaangua kicheko. Hakuna mmoja wetu aliyekuwa amefikiria jambo hilo, mimi mwenye shahada nikiwa wa kwanza: kwamba mahali ambapo mkono ulioinuliwa ni bei, tulimpanga mtu kuinua mkono. Mama alibaki na mkono hewani, hajui aushushe au auache. Wasaidizi wa mnada walikwishamwandikia jogoo.

Baba alingoja kicheko kipungue. Nilidhani atatoa utani, maana ulikuwapo mkononi, rahisi kabisa. Badala yake alitoa mkono mfukoni, akaunyoosha mbele ya watu, ukatetemeka.

"Hii si baridi," akasema, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. "Nina ugonjwa. Umenishika mkono, umenishika na sauti. Yule hanunui. Akiinua mkono ananiambia sisikiki. Na ninyi wa nyuma, msiponisikia, fanyeni hivyohivyo. Mnaotaka kununua, tajeni bei kwa mdomo."

Mzee mmoja wa nyuma, ambaye amekuwa akigombana na baba tangu ujana wao kuhusu mpaka wa shamba, akauliza, "Na jogoo?"

"Jogoo kashamnunua. Kanisani hakurudishwi pesa."

Mnada ukaendelea hivyo. Gunia la kwanza la maharage, mikono miwili mitatu nyuma, baba akapandisha sauti, mikono ikashuka. La pili, mikono zaidi. Alikuwa akiitazama ile mikono kama alivyoutazama ule mstari, akijisukuma, na kila mara alibaki juu kwa muda mfupi kuliko mara iliyotangulia. Hakuna aliyeondoka. Aliuza ndizi. Alifika kwenye magimbi, akataja bei ya kuanzia, na mikono ikainuka kuanzia ukutani hadi karibu na katikati ya uwanja, kimya, bila ubaya wowote.

Alijaribu tena. Mikono haikushuka.

Nilikuwa nimesimama karibu naye, kwa hiyo niliona midomo yake ikisema kitu kwa yule mama wa kwaya, na nikasikia. Mama wa kwaya hakusikia, ingawa walitenganishwa na kapu la magimbi tu. Alinitazama mimi.

"Mzee anasema uendelee wewe," nikamwambia. "Na usianzie chini. Haya magimbi ni mazuri."